Kutumia Kamera ya Kihisi cha APS-C kwa Miaka Mingi: Mwongozo kwa Mfano wa Nikon D7200

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana kamera yenye kihisi (kipande kinachonasa mwanga badala ya filamu) cha saizi ya APS-C, iliyo ndogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, au anayetafuta iliyotumika, na ambaye hana mpango wa kuibadilisha kila inapotoka mpya. Mfano wangu ni Nikon D7200, kwa kuwa ndiyo niliyoitumia kwa muda mrefu katika harusi za Dar es Salaam na Tanga na katika safari za mbugani, lakini mengi yatakayoelezwa hapa yanazihusu pia kamera za Canon, Sony, Fujifilm na Pentax zenye kihisi cha ukubwa huo. Msimamo wangu ni kwamba kamera ya aina hii hutoa kazi ya kulipwa kwa miaka mingi iwapo mwenyewe anajua kihisi kinampa nini na kinamnyima nini, kisha akaelekeza pesa zake kwenye lenzi na mwanga kabla ya kufikiria bodi nyingine, yaani kamera yenyewe bila lenzi.

Kihisi chenyewe

D7200 ilitangazwa Machi 2015. Kihisi chake kina upana wa milimita 23.5 na kimo cha milimita 15.6, na hutoa picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000, yaani megapikseli 24. Kihisi cha fremu kamili, ambacho ukubwa wake umetokana na filamu ya milimita 35, ni milimita 36 kwa 24, kwa hiyo eneo lake ni zaidi ya mara mbili ya eneo la APS-C. Tofauti zote za matumizi zinaanzia hapo. Lenzi ileile ikifungwa kwenye D7200 huonyesha sehemu ndogo zaidi ya mandhari, na uwanja wake wa picha hulingana na wa lenzi iliyo ndefu mara 1.5 kwenye fremu kamili. Kwa Canon kizidisho ni 1.6, kwa sababu kihisi chao ni kidogo zaidi kwa takriban milimita moja. Mwanga unaokusanywa kwa jumla pia ni mdogo, kwa kiasi cha stopu moja na kidogo (stopu moja ni mwanga nusu au maradufu), hivyo picha ya APS-C ya ISO 3200 (ISO ni kiwango cha usikivu wa kihisi kwa mwanga) huwa na chengachenga zinazokaribiana na za ISO 6400 au zaidi kidogo kwenye fremu kamili ya kizazi hichohicho. Mwisho, ukipiga picha yenye mpangilio uleule, tundu la lenzi la f/2.8 (namba ndogo ni tundu pana) kwenye APS-C huacha nyuma ya mhusika ikionekana kama f/4 ya fremu kamili, na anayetaka ukungu mzito nyuma ya bibi harusi atahitaji lenzi yenye tundu pana zaidi.

Kuhusu ubora wa kuchapa, wasiwasi wa wengi hauna msingi. Pikseli 6,000 zikichapwa kwa msongamano wa nukta 300 kwa inchi hutoa karatasi yenye upana wa sentimita 50, ilhali A3 ina sentimita 42 tu. Mteja anayeagiza albamu, au picha ya kutundika sebuleni, hatapungukiwa na chochote kwa sababu ya ukubwa wa kihisi. Akilalamika, sababu itakuwa fokasi, mwanga au mkono uliotikisika.

Lenzi: mahali pa kuweka pesa

Anza na AF-S DX 35mm f/1.8G (AF-S ni lenzi yenye mota yake ya fokasi, na DX ni jina la Nikon la APS-C). Ni nyepesi, bei yake ni ya chini ukilinganisha na kazi inayofanya, na kwenye kihisi hiki hutoa uwanja wa picha unaokaribia ule wa milimita 50 wa tangu enzi za filamu. Kwa picha za nusu mwili na za uso, milimita 50 yenye f/1.8 hufanya kazi ya milimita 75, urefu ambao haupotoshi pua wala mashavu. Milimita 85 nayo huwa kama 127, nzuri sana nje lakini yenye kusumbua ndani, kwa sababu utalazimika kurudi nyuma mpaka ugonge ukuta.

Hapa mwenye D7200 ana bahati ambayo mwenye kamera za mfululizo wa D3000 au D5000 hana. Ndani ya bodi yake mna mota ya kuendesha fokasi, kwa hiyo lenzi za zamani za AF-D, ambazo hazina mota yake, kama 50mm f/1.8D na 85mm f/1.8D, hufanya fokasi zenyewe. Kwenye kamera zile ndogo lenzi hizo hufunga vizuri na hupiga picha, lakini fokasi lazima izungushwe kwa mkono, jambo ambalo muuza lenzi za mtumba aghalabu hatakwambia. Kabla ya kulipa, ifunge kwenye kamera yako mwenyewe na uijaribu mbele yake.

Tatizo halisi la kihisi kidogo liko upande wa lenzi pana. Lenzi ya 24-70mm f/2.8, ambayo wapiga picha wengi wa harusi huitegemea, kwenye APS-C huanza na uwanja wa milimita 36, nao hautoshi unapopiga ndani ya chumba anamopambiwa bibi harusi akiwa amezungukwa na shangazi na mashosti, wala unapopita katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Suluhisho ni kununua lenzi iliyotengenezwa kwa kihisi hiki badala ya kuazima mantiki ya fremu kamili. Sigma 17-50mm f/2.8 hushika nafasi ileile ya 24-70. Tokina 11-16mm f/2.8 huanza na uwanja unaolingana na milimita 16.5 na hukusanya ukumbi mzima pamoja na jukwaa. Sigma 18-35mm f/1.8, iliyotoka mwaka 2013, ni nzito na zumu yake ni fupi, lakini f/1.8 katika urefu wake wote hurudisha karibu stopu yote ambayo kihisi kilikuwa kimekunyima. Kama ningeruhusiwa lenzi moja tu kwa ajili ya kumbi zenye giza, ningechukua hiyo na kuvumilia uzito.

Upande wa masafa marefu mambo yanageuka, na kihisi kidogo kinakuwa faida. Lenzi ya 70-300mm huonyesha uwanja wa milimita 450 mwishoni mwake, na Nikkor 200-500mm f/5.6 hufikia 750. Kwa mtu anayekwenda Mikumi au Tarangire bila bajeti ya lenzi za mamilioni mengi, tofauti hii ndiyo inayoamua kama tai aliye juu ya mti ataonekana manyoya au ataonekana kivuli. D7200 pia ina hali ya kukata picha kwa 1.3, inayobakiza megapikseli 15. Wengine hudhani kwamba hali hiyo huongeza undani. Haiongezi, kwani ni mkato tu unaofanyika ndani ya kamera. Faida yake ni nyingine: kasi hupanda kutoka picha 6 hadi 7 kwa sekunde, na nukta za fokasi hutandaa karibu upana wote wa kitundu cha kuchungulia, hivyo swala anayekimbia hatoki nje ya eneo la fokasi kirahisi.

Mipangilio ya kuweka na kuiacha

Weka kamera kwenye faili ghafi, yaani NEF, ya biti 14 yenye mgandamizo usiopoteza kitu. Kila picha itachukua takriban megabaiti 28, kwa hiyo nunua kadi kubwa na za kasi, na uzitumie nafasi zote mbili za kadi kwa kuandika picha ileile mara mbili. Kadi huharibika bila taarifa, na harusi haifungwi upya kwa sababu ya kadi.

Kwa kazi za ndani, njia inayonifaa kuliko zote ni kuweka kamera kwenye M (hali ya kupanga mwenyewe), kuchagua kasi ya shata na tundu mwenyewe, kisha kuiachia kamera ISO ijipange yenyewe kwa kikomo cha 6400. Watu waliokaa hutosheka na 1/125 ya sekunde; wanaocheza wanahitaji 1/250 au zaidi. Ile kanuni ya zamani isemayo kwamba kasi ya shata isipungue sekunde moja gawanya kwa urefu wa lenzi lazima irekebishwe kwa kizidisho: milimita 200 inataka angalau 1/320, si 1/200. Kitulizo cha mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi husaidia mkono wako tu, hakimzuii mhusika kusogea.

Ukumbi wenye taa za LED una shida yake. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua, lakini shata ya kasi huona, na picha hutoka na mistari ya giza au rangi isiyolingana kutoka picha moja hadi nyingine. Ukiona hivyo, shuka hadi 1/100, na ikiwezekana 1/50, kisha tumia flashi kumgandisha mhusika.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi ni kupima mwanga kwa watu wetu na mavazi yetu. Kipimo cha kamera hujaribu kuifanya kila picha iwe na wastani wa kijivu, kwa hiyo bibi harusi mwenye shela jeupe mbele ya pazia jeupe huifanya akili ya kamera iamini kwamba kuna mwanga mwingi kupita kiasi, ikaupunguza, na uso wa bibi harusi ukatoka mweusi usio na uhai. Bonyeza kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, uongeze stopu 0.7 hadi 1. Kinyume chake hutokea bwana harusi mwenye suti nyeusi anaposimama mbele ya ukuta wa giza: kamera huongeza mwanga mpaka paji la uso linang'aa kama limepakwa mafuta, na hapo upunguze 0.3 hadi 0.7. Kanzu nyeupe chini ya jua la saa saba mchana ni mtihani mgumu kuliko yote, kwa kuwa ngozi nyeusi na kitambaa cheupe vimo katika fremu moja. Hapo linda kitambaa kwanza. Kihisi cha D7200 kina uwezo mkubwa wa kurudisha undani uliofichika kwenye kivuli wakati wa kuhariri, na kwenye ISO 100 unaweza kuinua uso kwa stopu mbili bila chengachenga za kuudhi, lakini nyeupe iliyoungua haina kitu ndani yake cha kurudisha. Washa onyo la sehemu zinazomemeteka kwenye skrini, na uipunguze picha mpaka kanzu iache kumemeteka.

Flashi ielekeze darini au kwenye ukuta wa nyuma yako, si usoni mwa mtu, mradi dari liwe jeupe na lisiwe mbali. Katika kumbi zetu wapambaji hupenda kufunika dari lote kwa vitambaa vya zambarau au waridi, na mwanga ukigonga hapo hurudi na rangi hiyo usoni mwa wageni wote. Katika hali hiyo ni heri kutumia mwavuli mdogo au kisanduku cha kulainisha mwanga kilichosimamishwa pembeni. Shata ya D7200 hupatana na flashi hadi 1/250, lakini ukitaka taa za mapambo zionekane nyuma, shuka hadi 1/60.

Kuhusu tundu, lenzi nyingi hutoa picha kali zaidi kati ya f/4 na f/8. Pikseli za kihisi hiki ni ndogo, na ukipita f/11 picha nzima huanza kulainika kwa sababu ya tabia ya mwanga kupinda unapopenya tundu dogo. Picha ya familia yenye safu tatu hutosheka na f/8. Hakuna haja ya f/16.

Fokasi nayo ni eneo ambalo kamera hii iko mbele kuliko umri wake. Mfumo wake wa nukta 51 unatokana na ule uliowekwa kwenye kamera za juu za Nikon za mwaka 2007, zikiwemo za fremu kamili, na kwa kuwa hapa umewekwa kwenye kamera yenye kihisi kidogo, nukta hizo hufunika sehemu kubwa zaidi ya picha. Hamisha kazi ya fokasi kutoka kitufe cha kupigia hadi kile cha AE-L/AF-L kilicho karibu na kidole gumba, uweke AF-C (fokasi inayoendelea kumfuata mhusika), na utaweza kumfuata mtu anayetembea kwa kushikilia kidole au kutulia kwa kukiachia. Huchukua muda mkono kuzoea. Ukigundua kwamba lenzi fulani daima inaweka fokasi kwenye sikio badala ya jicho, piga picha ya kitu bapa kwanza kwa kitundu cha kuchungulia, kisha kwa skrini. Ikiwa ya skrini ni kali zaidi, nenda kwenye menyu ya kurekebisha fokasi na usogeze thamani ya lenzi hiyo, ambayo huanzia -20 hadi +20, mpaka zilingane.

Unyevu, chumvi na vumbi

Anayeishi pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu, ana adui mmoja mkubwa, naye ni kuvu ndani ya lenzi. Huota pale unyevu unapokuwa mwingi, giza likawapo na hewa ikawa haitembei, yaani hali ileile iliyomo ndani ya begi la kamera lililofungiwa kabatini. Usihifadhi lenzi kwenye begi la ngozi. Tumia kasha la plastiki lenye mfuniko unaobana, uweke ndani pakiti za silika na kipimo kidogo cha unyevu, na ujitahidi kibaki kati ya asilimia 40 na 50. Silika ikibadilika rangi, ikaushe upya kwenye joto dogo la oveni. Lenzi usizozitumia zitoe kila baada ya wiki kadhaa, uziangalie kwa kumulika tochi kutoka nyuma. Nyuzi nyembamba kama za buibui zikishaonekana, mpelekee fundi mapema, kwa sababu kuvu ikikaa hula tabaka la juu la kioo, na hapo kusafisha hakutoshi.

Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje penye joto, lenzi hufunikwa na umande nje na wakati mwingine ndani. Ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kutoka, uiache humo mpaka ipate joto la nje. Baada ya kupiga picha ufukweni, ipanguse bodi kwa kitambaa kilicholowana kidogo kwa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu, ili chumvi isibaki kwenye viungo vya vitufe.

Mbugani wakati wa kiangazi tatizo ni vumbi. Usibadilishe lenzi gari likiwa linakwenda au dirisha likiwa wazi. Kama una bodi mbili, kila moja ibaki na lenzi yake siku nzima. Mfuko wa kitambaa uliojazwa maharage, ukiwekwa kwenye ukingo wa dirisha, hushikilia lenzi ndefu vizuri kuliko stendi, lakini dereva lazima azime injini.

Kukagua vumbi kwenye kihisi, weka ISO 100 na f/22, elekeza kwenye karatasi nyeupe, vuruga fokasi, upige. Madoa meusi yataonekana wazi, na ukumbuke kwamba doa lililo juu ya picha liko chini ya kihisi. Chaji betri ijae, chagua kwenye menyu amri ya kuinua kioo kwa ajili ya usafi, geuza kamera ikitazama chini, upulize kwa pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo, na usitumie makopo ya hewa iliyogandamizwa, ambayo hurusha majimaji. Doa lisipotoka, tumia vijiti vya kusafishia vyenye upana wa milimita 16, vilivyotengenezwa kwa APS-C, pamoja na dawa yake, kwa mpito mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Asiyekuwa na mkono mtulivu amwachie fundi.

Kununua iliyotumika

Shata ya D7200 ilijaribiwa na watengenezaji kwa mizunguko 150,000. Hicho ni kipimo cha majaribio, na zipo zinazopita hapo kwa mbali, lakini ni msingi mzuri wa kujadiliana bei. Mwombe muuzaji apige picha moja mbele yako, uichukue bila kuhaririwa, usome idadi kwa programu kama ExifTool. Kisha jaribu nafasi zote mbili za kadi, flashi ya juu, na lenzi yenye mota pamoja na isiyo na mota. Mpira wa kushikia uliobanduka ni jambo la kawaida kwenye joto letu, na hubandikwa upya kwa gharama ndogo. Kwenye menyu ya taarifa za betri angalia umri, ambao huandikwa kuanzia 0 hadi 4; ikisoma 4, hesabu bei ya betri mpya ya EN-EL15, na uwe mwangalifu na zile bandia, ambazo mara nyingi huonyesha chaji kamili kisha kamera ikazimika katikati ya kiapo.

Unapofika wakati wa kubadilisha

Mwenye kazi nyingi za ukumbini usiku atafika mahali ambapo fremu kamili itamlipa. Kabla ya kuhama, ahesabu lenzi zake. Lenzi za DX hufunga kwenye Nikon ya fremu kamili, lakini kamera hukata picha, na D750 yenye megapikseli 24 hubaki na 10 tu. Mpiga picha wa wanyama ana njia nyingine, D500 ya mwaka 2016, yenye kihisi cha ukubwa uleule wa DX na kasi ya picha 10 kwa sekunde. Anayetaka kamera zisizo na kioo, kama Z50, atazitumia lenzi zake za AF-S kupitia adapta ya FTZ bila shida. Lakini adapta hiyo haina mota, na zile 50mm na 85mm za AF-D zitarudi kuwa za kuzungusha kwa mkono. Lenzi hizo ni afadhali ziuzwe pamoja na D7200 yenyewe, kwa mnunuzi ambaye bado ataitumia mota iliyomo ndani yake.